Luambo Makiadi: Sauti Nyingi Nyuma ya Jina Moja

Wimbo wa Kilingala ukipigwa mahali popote hapa kwetu, iwe ni harusini, kwenye matatu au katika redio ya mzee nyumbani, hakukosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema ati huyo ni Franco. Sauti iwe nyembamba au nene, jibu ni lilo hilo. Ni kweli kwamba mara nyingi gita ni lake na bendi ni yake. Lakini wahenga walituusia kwamba mgala muue na haki yake mpe. Katika nyingi ya nyimbo hizo koo linaloimba si la Franco, na wakati mwingine hata aliyeutunga wimbo si yeye. Basi leo nitasimulia maisha ya bingwa huyo pamoja na watu aliopiga nao, kwa maana kwa kumfuata yeye utawafikia mafundi wengine ambao labda hukuwahi kusikia majina yao.

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 katika kijiji cha Sona Bata, kwenye nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1949 baba akafariki, na mama akabaki na watoto wa kulea peke yake. Mama huyo alikuwa akiuza mandazi sokoni katika mtaa wa Ngiri-Ngiri, na kijana Luambo hakupata masomo ya kutosha. Alijitengenezea gita la mkebe na nyuzi za waya, na inasimuliwa kwamba alikuwa akilipiga kando ya meza ya mama yake ili wateja wavutiwe. Umaskini si kilema, jamani!

Wa kwanza kumshika mkono alikuwa Paul Ebengo, aliyejulikana kwa jina la Dewayon. Yeye alikuwa na gita la kweli, akamfundisha kijana huyo na kumwingiza katika kikundi chake cha Watam. Mwaka 1953 Luambo aliingia studio ya Loningisa akiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Huko alimkuta Henri Bowane, mpiga gita aliyekwisha kuwa na jina, na Bowane ndiye aliyemfupishia jina akawa Franco. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, hata jina tunalolitaja kila siku alipewa na mwanamuziki mwenzake.

Tarehe 6 Juni 1956 kundi la vijana lilipiga muziki katika baa iliyoitwa OK Bar. Wakajiita OK Jazz. Franco hakuwa peke yake wala hakuwa mkubwa wao. Walikuwapo Jean Serge Essous wa saksafoni, Rossignol na Vicky Longomba waimbaji, De la Lune wa besi na Pandi wa ngoma. Kadhaa kati yao walitoka Brazzaville, ng'ambo ya Mto Kongo. Mwaka 1959 Essous, Pandi na De la Lune walirudi kwao wakashiriki kuunda Les Bantous de la Capitale, bendi iliyokuja kuwa fahari ya Brazzaville. Ukiipenda saksafoni ya OK Jazz ya mwanzo, ukiifuata tu, itakuvusha mto na kukufikisha kwa Les Bantous bila nauli. Na nafasi ya saksafoni haikubaki wazi, kwani alikuwapo Isaac Musekiwa aliyetoka Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe.

Vicky Longomba naye anatuhusu sana sisi Wakenya. Mwaka 1960 aliondoka kwa muda, akaandamana na Joseph Kabasele wa African Jazz hadi Brussels, wakati viongozi wa Kongo walipokwenda kujadili uhuru wa nchi yao. Huko ndiko kulikotoka wimbo wa Indépendance Cha Cha uliochezwa Afrika nzima. Baadaye Vicky alirudi OK Jazz. Mwanawe Lovy Longomba alikuja Nairobi, akaimba katika bendi ya Super Mazembe, na wana wawili wa Lovy ndio waliounda kundi la Longombas lililovuma humu nchini miaka ya 2000. Awilo Longomba, aliyetuchezesha sana mwishoni mwa miaka ya 1990, ni mwana mwingine wa Vicky. Kumbe kijana aliyeruka ruka kwa muziki wa Longombas alikuwa akicheza na wajukuu wa OK Jazz bila kujua!

Waasisi walipotawanyika, Franco alibaki na jahazi, akawa nahodha. Mwaka 1961 alimpokea mpiga gita mmoja mpole, Simaro Lutumba. Huyu ndiye ningependa mumjue kabla ya wengine wote. Gita lake lilikuwa la kuandamia, lile ambalo halitangulii bali linashikilia wimbo usianguke. Franco alipokuwa akipaa na nyuzi zake katika sebene, ile sehemu ya kuchezwa ambapo waimbaji hunyamaza na magita huzungumza, Simaro alikuwa chini kama msingi wa nyumba. Isitoshe, alikuwa mtunzi hodari hata akaitwa mshairi. Alidumu katika bendi hiyo mpaka Franco alipofariki, yaani miaka ishirini na minane. Si mchezo!

Mwaka 1963 akaja Verckys Kiamuangana Mateta na saksafoni yenye moto. Mashabiki walimpenda mno. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja, na mwaka 1969 Verckys aliondoka akaunda bendi yake ya Vévé. Hakuishia hapo. Alifungua studio na kutoa santuri za vijana wengi. Bella Bella, Lipua Lipua na Trio Madjesi walipitia mikononi mwake. Kwa hiyo mtu akimfuata Verckys kutoka kwa Franco, anafika kwa kizazi kizima cha miaka ya 1970.

Hapa sina budi kusema ukweli wote, maana wasifu si sifa tupu. Kuishi na Franco hakukuwa rahisi. Katika miaka hiyo ya 1960 wanamuziki wake kadhaa, akiwamo mwimbaji Kwamy, walimwacha wakaenda kuunda bendi yao, na Franco akawarushia vijembe kwa nyimbo. Wengine waliona kwamba jasho ni la wengi lakini sifa ni za mmoja. Vilevile aliwaimbia wakubwa waliotawala, na mwaka 1984 alitoa wimbo mrefu wa kumpigia debe Rais Mobutu. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imemtia gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizosemekana kuwa za matusi. Hakuwa malaika. Alikuwa binadamu.

Hata hivyo, Franco alikuwa na tabia moja ambayo wakubwa wengi hawana: hakuogopa kusimama karibu na mtu mwenye sauti nzuri kuliko yake. Mwaka 1972 alimchukua Sam Mangwana, kijana wa wazazi Waangola aliyekuwa ameimba upande wa Tabu Ley Rochereau. Tabu Ley ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Franco katika mji huo, kwa hiyo mashabiki wa upande ule walimwona Mangwana kuwa msaliti. Mwaka 1974 ukatoka wimbo wa Mabele, neno ambalo kwa Kilingala ni udongo. Mtunzi ni Simaro, mwimbaji ni Mangwana, nao unatafakari juu ya kifo na maisha mafupi ya mwanadamu. Mtu asiyejua atasema ni wimbo wa Franco. Anayejua atakuwa amepata vipenzi wawili kwa wimbo mmoja.

Mangwana aliondoka mwaka 1975, akaenda zake hadi Abidjan na kushiriki kuunda African All Stars. Ungedhani uhusiano umekufa. Wapi! Mwaka 1982 walikutana tena wakatoa wimbo wa Coopération, ambao jina lake lenyewe lina maana ya ushirikiano. Wakati huo OK Jazz ilikuwa jeshi la watu zaidi ya thelathini. Waimbaji Josky Kiambukuta, Ntesa Dalienst na Ndombe Opetum walikuwamo, na kila mmoja wao angeweza kuongoza bendi yake mwenyewe. Dalienst alitoka Les Grands Maquisards na Ndombe alitoka Afrisa ya Tabu Ley, kwa hiyo kila jina ni njia ya kwendea bendi nyingine.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka 1983 Franco na Tabu Ley, wapinzani wa zaidi ya miaka ishirini, waliingia studio pamoja. Mashabiki waliokuwa wakibishana juu ya nani zaidi walilazimika kununua santuri moja. Katika mwaka huo huo Joseph Kabasele alifariki, na wawili hao wakaimba pamoja wimbo wa kumkumbuka. Tazama basi mlango huu unavyofunguka. Kutoka kwa Franco unafika kwa Tabu Ley. Kwa Tabu Ley unakutana na M'bilia Bel, yule mama mwenye sauti tamu aliyeimba Nakei Nairobi, yaani ninakwenda Nairobi. Ukirudi nyuma kwa Kabasele, unamkuta Docteur Nico na gita lake laini, na pia Manu Dibango wa Kameruni aliyejiunga na African Jazz mwaka 1961. Umeanza na mtu mmoja Kinshasa, na sasa uko na nusu ya Afrika chumbani mwako.

Wa mwisho ninayetaka kumtaja ni Madilu System. Alijiunga na OK Jazz mwaka 1980, akiwa amepita katika bendi nyingi bila kupata jina kubwa. Franco alimweka mbele. Katika Mamou ya mwaka 1984 wawili hao waliimba kama watu wanaojibizana, na katika Mario ya mwaka 1985 walimsema kijana mwenye elimu anayelelewa na mama mtu mzima badala ya kufanya kazi. Franco alinguruma kwa sauti nzito kama mjomba anayekaripia, na Madilu akalia kwa sauti ya juu inayochoma moyo. Mario bila Madilu ni chai bila sukari. Franco alipoondoka duniani, Madilu aliendelea peke yake na kuvuma kwa nyimbo kama Ya Jean, hadi alipofariki mwaka 2007.

Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo wa kuonya watu juu ya ukimwi, wakati ambapo wengi waliona aibu hata kuutaja ugonjwa huo. Afya yake mwenyewe ikaanza kuzorota. Mwili uliokuwa mkubwa ukakonda. Mwaka 1989 alirekodi tena na Sam Mangwana, yule aliyemwacha na kurudi, na hiyo ikawa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Tarehe 12 Oktoba 1989 alifariki nchini Ubelgiji akiwa na umri wa miaka 51. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, na nchi nzima ikaomboleza kwa siku nne. Simaro na wenzake walijaribu kuishikilia bendi kwa miaka michache, kisha wakaunda Bana OK, maana yake watoto wa OK. Simaro mwenyewe alituaga mwaka 2019.

Je, sisi tunajifunza nini? Katika shule yetu hii mna timu, mna kwaya na mna kikundi cha maigizo. Kikombe kikija, nahodha ndiye hupigwa picha. Anayeshika ile sauti ya chini katika kwaya, anayeshona mavazi na anayebeba ngoma hawatajwi. Hao ndio akina Simaro wetu. Jifya moja haliinjiki chungu, na hata Franco, ambaye mashabiki walimwita mchawi wa gita, alihitaji mafiga mengine.

Kwa hiyo, ewe msomaji, siku nyingine ukisikia wimbo huo wa Kilingala usitosheke na kusema ni Franco. Uliza ni nani anayeimba, ni nani aliyetunga, ni nani anayepuliza saksafoni. Soma majina yaliyo kwenye jalada, kisha mtafute kila mmoja katika bendi yake mwenyewe. Utamheshimu Franco zaidi, na wenzake nao watapata haki yao.