Bibi si mchawi, anaumwa
Msomaji wangu wa Ipinda, bibi yako akitangatanga usiku na kudai mkwe kamwibia kanga, majirani huenda wakanong'ona kuhusu uchawi. Kabla hujawaamini, mfahamu Alois Alzheimer.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1864, akahitimu udaktari mwaka 1887. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, yeye na wenzake waliepuka kuwafunga wagonjwa. Waliwatuliza kwa kuwaogesha na kuzungumza nao. Mwaka 1901 alipokelewa Auguste Deter, mwenye miaka 51, aliyekuwa akificha vitu, akimshuku mumewe na kupiga kelele. Alzheimer aliketi naye, akamuuliza maswali na kuandika majibu yake. Auguste alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta umesinyaa na chembe nyingi zimekufa. Hakuwa mkorofi, aliumwa. Alzheimer alifariki mwaka 1915, naye akiwa na miaka 51.

Nawe usibishane na bibi, wala usimfunge. Msaidie kuitafuta kanga. Akibadilika ghafla, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na mkojo. Dawa za kumtuliza usimpe bila ushauri wa daktari, zinaweza kumdhuru.