Octave Mirbeau: Kalamu Iliyokodishwa

Octave Mirbeau, Mfaransa aliyezaliwa tarehe 16 Februari, 1848 huko Trévières, katika jimbo la Normandie, alianza kazi yake kwa kukodisha kalamu. Kwa miaka kadhaa aliwaandikia wakubwa wa Paris makala na vitabu ambavyo havikubeba jina lake. Mwaka 1883 alihariri gazeti la Les Grimaces, nalo likawatukana Wayahudi. Doa hilo hatuna haja ya kulifunika, maana mwenyewe hakulifunika: Januari 1885 aliyakana maneno hayo gazetini. Na Dreyfus, ofisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, alipohitaji watetezi, Mirbeau alikuwamo. Mwaka 1898 Zola alitozwa faini kwa ajili ya utetezi huo. Mirbeau alilipa faranga zaidi ya 7,500 kutoka mfukoni mwake.

Katika tamthilia zake, iliyovuma kupita zote ni Les affaires sont les affaires, ya mwaka 1903. Humo yumo tajiri Isidore Lechat, mtu wa kununua kila kitu. Analetewa habari kwamba mwanawe amekufa katika ajali ya motokaa. Wahandisi wawili wanadhani msiba umempumbaza, wanajaribu kumghilibu katika mkataba. Lechat, machozi hayajamkauka, anaugundua ujanja wao na kuwalazimisha kutia sahihi kwa masharti yake. Kwa maoni yetu, ni hotuba chache juu ya ubepari zilizosema zaidi ya tendo hilo moja. Mwaka 1908 tamthilia yake ya Le Foyer, iliyofichua jinsi wasichana maskini walivyonyonywa kwa jina la hisani, ilisimamishwa na Comédie-Française ikiwa katika mazoezi. Akaenda mahakamani, akashinda.

Sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Katika kitabu cha safari zake cha mwaka 1907, kilichopewa jina la namba ya motokaa yake, aliona katika mpira wa Kongo damu ya watu wa Mfalme Leopold. Naam, na magurudumu yake yalikuwa ya mpira.

Alifariki Paris tarehe 16 Februari, 1917, siku aliyotimiza miaka 69. Siku chache baadaye gazeti moja lilichapa wosia wa kuunga mkono vita, ukidaiwa kuwa wake. Rafiki zake waliukana: ulikuwa umeandikwa na mkono mwingine.