Mturuki wa Kempelen

Wolfgang von Kempelen hakuwa mfanya mazingaombwe. Alikuwa mtumishi wa serikali. Alizaliwa mwaka 1734 mjini Pressburg, ambao siku hizi huitwa Bratislava, akamtumikia Malkia Maria Theresa wa Austria. Inasimuliwa kwamba siku moja alitazama kiinimacho cha Mfaransa mmoja katika jumba la malkia, akajigamba kuwa angeunda kioja kikubwa zaidi. Malkia akampa likizo ya miezi sita.

Mwaka 1770 alirudi na sanduku kubwa, na nyuma yake sanamu ya Mturuki mwenye kilemba. Alifungua milango, watu wakaona magurudumu ya meno tu. Kisha Mturuki akanyosha mkono, akacheza sataranji na kuwashinda mabwana wakubwa! Kumbe ndani mlikuwa na mtu, mchezaji hodari, amejikunja kwenye kiti kinachoteleza, akiangaziwa kwa mshumaa.

Mwenyewe aliuona mzaha tu, hata akalibomoa sanduku. Lakini Mfalme Joseph wa Pili aliamuru liundwe upya, na mwaka 1783 likapelekwa Paris, ambako Benjamin Franklin alicheza nalo.

Kazi aliyoithamini Kempelen ilikuwa mashine ya kusema, yenye mvukuto na mdomo wa mpira. Hii ilitamka maneno kweli, bila mtu ndani. Aliieleza kitabuni mwaka 1791, akafariki Vienna mwaka 1804.

Mturuki alimshinda Napoleon mwaka 1809, akateketea Philadelphia mwaka 1854. Mashine ya kusema iliigwa na Mwingereza Charles Wheatstone, na kijana mmoja aliyeisikiliza hiyo ya Wheatstone alikuwa Alexander Graham Bell, aliyekuja kuunda simu.