Jacques Monod na Fumbo la Sukari Mbili

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kusoma wasifu wa washairi na wanasiasa. Ni nadra kukutana na maisha ya mwanasayansi yakisimuliwa kwa lugha yetu. Makala haya yanamwangazia Jacques Monod, Mfaransa aliyeshughulishwa kwa muda mrefu na swali moja ambalo wenzake wengi hawakuliona kuwa na uzito: bakteria aishiye utumboni huamuaje chakula kipi kiliwe kwanza?

Monod alizaliwa mjini Paris tarehe 9 Februari 1910, baba yake akiwa mchoraji na mama yake Mmarekani. Alikulia Cannes, kusini mwa Ufaransa. Ugonjwa wa kupooza uliompata utotoni ulimwachia mguu dhaifu, lakini haukumzuia kukwea milima wala kuendesha mashua. Alipenda muziki kiasi kwamba kwa muda haikujulikana kama angeishia kuongoza kwaya au kukaa maabarani. Mwaka wa 1936 alikuwa na nafasi ya kusafiri tena kuelekea Greenland kwa meli ya Pourquoi-Pas?, lakini Boris Ephrussi akamshawishi waende California kusomea jenetiki. Mwaka uo huo meli ile ilizama karibu na Iceland, akanusurika mtu mmoja tu.

Aliporejea Paris alianza kupima ukuaji wa bakteria, akiwemo Escherichia coli. Alipowapa sukari mbili kwa pamoja, mojawapo ikiwa glukosi, waliongezeka upesi, wakasita kwa muda, kisha wakaongezeka tena. Yaani waliimaliza glukosi kwanza ndipo wakaigeukia ya pili. Ukuaji huo wa awamu mbili aliuita diauksia, na ndio uliokuwa kiini cha tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 1941.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mkewe, Odette, alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Kwa hiyo hatari haikuwa ya kusimuliwa tu. Monod alijiunga na wapiganaji wa siri na kupanda hadi ngazi za juu za uongozi wao. Inasemekana kwamba nyaraka za siri alizificha ndani ya mifupa ya miguu ya twiga iliyowekwa karibu na maabara yake. Kwa kitambo alikuwa pia mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, lakini mnamo 1948 alijitokeza gazetini kuyapinga mafundisho ya Lysenko, yaliyokuwa yakiitiisha biolojia chini ya siasa.

Baada ya vita alihamia Taasisi ya Pasteur. Huko, yeye na François Jacob walieleza mwaka wa 1961 kwamba jeni za kutumia laktosi hufungwa na protini zuizi, nayo huziachilia laktosi inapoingia. Kwa kazi hiyo wawili hao, pamoja na André Lwoff, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1965.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na kasoro yake, na hapa ndipo namwona Monod kama binadamu zaidi kuliko kama nguli. Aliamini mno kwamba udhibiti wote ni wa kuzuia. Ellis Englesberg alipodai kwamba baadhi ya jeni huhitaji protini ya kuziwasha, dai lake lilitiliwa shaka kwa miaka mingi. Isitoshe, nadharia ya kizuizi haikutosha kueleza kwa nini glukosi hutangulizwa.

Sehemu ya jibu ilikuja kwa mlango ambao Monod aliufungua mwenyewe. Mwaka wa 1960 alisaidia kupanga njama ya kumtorosha mwanasayansi Agnes Ullmann kutoka Hungaria, akiwa amefichwa ndani ya karavani. Mnamo 1968 Ullmann na Monod walionyesha kwamba molekuli ndogo, AMP ya mviringo, huondoa athari ya glukosi katika E. coli. Karibu na 1970 watafiti wengine waliipata protini inayoshikana na molekuli hiyo, yaani CRP. Glukosi inapopungua, AMP huongezeka, nayo CRP huziwasha jeni zaidi ya 100. Huyu ndiye mdhibiti mkuu wa umetaboli, na kwa laktosi kazi yake ni kuwasha, si kuzuia. (Tafiti za baadaye zimebaini pia kwamba glukosi huzuia laktosi mlangoni, isiingie.)

Monod aliiongoza Taasisi ya Pasteur kuanzia 1971, akafariki Cannes tarehe 31 Mei 1976 kwa maradhi ya damu. Mwaka wa 1987, Roy Curtiss na mwenzake walitangaza matokeo ya kuwanyima bakteria wa Salmonella jeni za CRP na za kuunda AMP hiyo. Bakteria hao, ambao kwa kawaida huwaua panya, hawakuweza tena kuwaugua. Na panya waliolishwa bakteria hao walipata kinga dhidi ya wale wakali.