Thomas Young na Mawimbi ya Nuru

Wenzangu wengi wamjua Newton, lakini ni wachache wamjuao Thomas Young, Mwingereza aliyethubutu kumpinga. Alizaliwa Milverton, Somerset, tarehe 13 Juni 1773, wa kwanza katika watoto kumi. Yasemekana alijua kusoma akiwa na miaka miwili, na kabla hajatimiza ishirini alikuwa amejifunza Kilatini, Kiyunani, Kiebrania na Kiarabu. Kazi yake ilikuwa udaktari.

Siku zile wataalamu wengi wa Uingereza walishika neno la Newton kwamba nuru ni chembe ndogo ndogo zirukazo. Young alisema la, nuru ni mawimbi. Tupa mawe mawili bwawani utazame: kilele kikikutana na kilele, maji huinuka zaidi, kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Basi na nuru ni vivyo hivyo. Mwaka 1803 aliieleza Royal Society ya London jinsi alivyolihakikisha jambo hilo. Alitoboa tundu la sindano katika karatasi nene iliyoziba dirisha, jua likaingia kwa mwonzi mwembamba, naye akaupasua kwa kipande cha kadi chenye upana wa inchi moja kugawanywa kwa thelathini. Ndani ya kivuli cha kadi ikatokea mistari ya mwanga na giza kwa zamu. Alipoziba nuru ya upande mmoja tu, mistari ile ikatoweka. Yaani palipokuwa na giza, nuru mbili zilikuwa zimeuana!

Je, alisifiwa? Hata kidogo. Mwanasheria Henry Brougham alimdhihaki vikali katika gazeti la Edinburgh Review. Young alichapa kijitabu cha kujibu, na kwa masimulizi yake mwenyewe kiliuzwa kimoja tu. Kwa maoni yangu jibu hilo lingalimvunja moyo mtu yeyote. Akarudia wagonjwa wake, akashughulikia na maandishi ya Misri katika jiwe la Rosetta, mpaka Mfaransa Fresnel alipothibitisha mawimbi kwa hesabu, akapewa tuzo Paris mwaka 1819. Young aliyaona hayo kabla ya kufa London, tarehe 10 Mei 1829.

Mwaka 1993, huko Boulder, Marekani, wataalamu walitumia atomu mbili za zebaki, kila moja imepungukiwa elektroni moja, mahali pa pande mbili za kadi. Walizimulika kwa leza, na nuru iliyotoka kwazo ikafanya mistari ile ile ya Young. Lakini walipopokea ile nuru iachayo alama ndani ya atomu iliyoitoa, hata ijulikane imetoka wapi, mistari haikuonekana.