Rebmann na Ile Baridi ya Kibo

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha niliandika ubaoni kwamba Johannes Rebmann aliugundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Sentensi yenyewe niliitoa kwenye madesa kama ilivyo. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza kama babu zake wa Machame walikuwa hawaoni. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana jibu sikuwa nalo, kisha nikageukia ubao nikaendelea na kichwa kinachofuata.

Niliporudi chuoni hapa Mwika swali lile halikuniacha. Hapa ukitoka bwenini asubuhi mlima uko mbele yako, ni vigumu kujifanya umesahau. Basi nikaanza kumsoma huyo Rebmann, na nikakuta mtu tofauti kabisa na yule niliyemwandika ubaoni.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani ya kusini. Alitumwa na chama cha kimisionari cha Uingereza, akafika pwani yetu mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf pale Rabai, nyuma ya Mombasa. Krapf ndiye anayejulikana zaidi. Rebmann alikuwa mtu wa kukaa na kuandika maneno.

Aprili 1848 alianza safari ya kwenda Uchagani na watu wachache, mkononi ana mwavuli. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya Uchagani kwa sababu ya biashara. Njiani Bwana Kheri alimsimulia habari za kutisha kuhusu mlima ule: kwamba una pepo wabaya, na anayepanda harudi. Halafu asubuhi ya tarehe 11 Mei, wakiwa wamekwisha kuiacha milima ya Taita, Rebmann akaona kitu cheupe juu kabisa. Akadhani ni wingu. Alipouliza, aliambiwa kwamba hiyo ni baridi. Basi. Kiswahili cha pwani hakikuwa na neno la theluji, kwa hiyo mtu wa pwani alitaja kile ambacho mwili unakisikia. Rebmann, aliyekulia kwenye nchi ya majira ya baridi, akaelewa papo hapo.

Safari ile ya kwanza ilimfikisha Kilema kwa Mangi Masaki, siyo mbali na hapa kwetu. Ya pili, mwishoni mwa mwaka huohuo, ilimpeleka mpaka Machame kwa Mangi Mamkinga. Na hapa ndipo penye jambo ambalo madesa yangu hayakuwa nalo. Rebmann aliandika kwamba Mangi Rengua, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe. Alitumaini ni fedha, yaani madini. Akarudi mtu mmoja tu. Mikono na miguu yake ilikuwa imeliwa na baridi ikajikunja kwa ndani, na Bwana Kheri alikuwa amemwona mtu huyo kwa macho yake. Wenzake walikufa kwa baridi na kwa hofu, nao waliamini ni pepo wanaowapiga.

Hebu tulitazame vizuri. Kulikuwa na swali: kile ni nini? Wakatumwa watu mahali ambapo hakuna aliyepajua, na matokeo yakaletwa, kwa gharama kubwa. Maelezo ya pepo yalikosea, sawa, lakini ile mikono haikukosea. Mimi naona ule ulikuwa utafiti, na ulifanyika kabla Mzungu yeyote hajakanyaga Machame. Tena Rebmann alielezwa kwamba watu wa hapa wana neno lao, Kibo, na kwamba kitu chenyewe kikiletwa chini kinageuka maji. Yote haya aliyahesabu kuwa ushahidi.

Taarifa yake ilichapishwa Uingereza mwaka 1849, na ikapingwa. Mpinzani mkubwa alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London aliyechora ramani za Afrika bila kufika. Kwake theluji karibu na ikweta haiwezekani, na mwaka 1852 bado alikuwa anamshambulia Rebmann kitabuni. Kumbe na yeye alikuwa anadesa! Ubishi haukutulia hadi 1861, Baron Karl Klaus von der Decken alipokuja na mwanajiolojia Richard Thornton. Mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda mpaka zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia wenyewe.

Rebmann hakuja tena. Safari yake ya tatu, 1849, aliitaka impeleke Unyamwezi, lakini Mamkinga alimmalizia bidhaa zake zote za njiani, akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu. Alishiriki kutengeneza ile ramani maarufu ya ziwa kubwa lenye umbo la konokono, iliyofanya Burton na Speke watumwe huku mwaka 1856. Baadaye alibaki Rabai na makamusi yake. La Kinyasa alilikusanya kutoka kwa Salimini, mtu aliyechukuliwa utumwani kutoka nchi ya Ziwa Nyasa. Mke wake alifariki 1866.

Macho yakaanza kuisha. Miaka 29 hakurudi kwao hata mara moja, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, anashikwa mkono na Isaac Nyondo, kijana wa huku aliyesafiri naye mpaka Ulaya. Upasuaji haukusaidia. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, miaka kumi na tatu na siku mbili baadaye.

Yule binti sijamjibu. Mazoezi ya mwaka huu nimepangiwa shule nyingine, na daftari la maandalio ya masomo bado lina ile sentensi, nimeikata kwa kalamu nyekundu ila sijaamua niandike nini pale pembeni.