Kanali Nayudu na Kijana wa Indore

Nikitoka kwangu Kawangware kwenda Lavington hupita karibu na uwanja wa Jaffery, na vijana wa mtaani huniuliza ni mchezo gani huo ambao watu wengi husimama tu. Wao huona kriketi ni mchezo wa wavivu. Basi huwasimulia habari za Kanali C.K. Nayudu.

Marehemu alizaliwa Nagpur, Bara Hindi, tarehe 31 Oktoba 1895. Mwaka 1923 Maharaja Holkar wa Indore alimwita akampa cheo jeshini mwake, naye akapanda hata kuwa kanali. Cheo hicho alikipata kwa gongo la kriketi kuliko kwa bunduki, lakini ukali wake ulikuwa wa kiaskari kweli. Akiwa na miaka 56 mpira ulimpiga mdomoni ukamng'oa meno mawili. Alikataa kutoka uwanjani, akaendelea kucheza.

Desemba 1926 huko Bombay aliwapiga Waingereza, waliokuwa watawala wa nchi yake, mikimbio 153. Mara kumi na moja mpira ulivuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi. Juni 1932 ndiye aliyeongoza timu ya kwanza ya Bara Hindi kucheza na Uingereza mjini London. Walishindwa, ila Mohammad Nissar, Mwislamu wa Punjab, aliwaangusha wachezaji wawili wa kwanza wa Uingereza mapema kabisa.

Nataka msomaji aliangalie jambo hili. Katika mashindano makubwa ya Bombay timu ziligawanywa kwa dini: Wahindu mbali, Waislamu mbali, Waparsi mbali, na Wazungu kwao. Nayudu alichezea Wahindu. Hata hivyo, kijana aliyemwona Indore na kumlea katika mchezo alikuwa Syed Mushtaq Ali, Mwislamu. Bombay walisimama pande mbili. Indore walivaa nguo za timu moja, ya Holkar. Mwaka 1936 Mushtaq Ali alipata mikimbio 112 mjini Manchester, Mhindi wa kwanza kufikisha mia ugenini katika mechi za kimataifa za namna hiyo.

Nchi ilipogawanywa mwaka 1947, Nissar alikwenda Pakistan. Mushtaq Ali hakuhama. Kanali alifariki Indore tarehe 14 Novemba 1967, na mwanafunzi wake aliendelea kuishi mji huo huo hata naye alipofariki mwaka 2005.